Habasoda Kwenye Mkate wa Posa

Tangu binti yangu Muhayyo alete hadubini nyumbani, mtu hali chakula chake kwa amani. Yeye hutengeneza simu sokoni Kokand, na hicho kidude, kidogo kama kidole gumba, hukichomeka kwenye kompyuta ili aone vinyaya visivyoonekana kwa macho. Kazi ikiisha anakuja nacho, na hapo hakuna kinachosalimika. Alituonyesha sukari, ikawa vipande vya vioo. Alituonyesha soksi yangu, mama yake akaitia motoni. Akaja kwenye masharubu yangu. Kwenye kioo cha kompyuta yalikuwa manene kama magogo, yamejaa unga.

"Baba, hapa pana mkate mzima," akasema. "Tusubiri uumuke?"

Mimi ni mwokaji. Unga kwenye masharubu si aibu. Shule niliiacha mapema nikaenda kwenye tanuri, na mji mzima unanijua kwa jambo moja: mkate wangu ni ufuta mtupu. Habasoda, zile mbegu nyeusi, siweki. Habasoda ni ya waokaji wenye unga mbaya wanaotafuta pa kuuficha. Nimeyasema haya sokoni kwa sauti, na wako waokaji wawili hawanisalimii.

Sasa, palikuwa na kijana, Asilbek, aliyempelekea Muhayyo simu yake mara nyingi kuliko simu inavyoweza kuharibika. Mwishowe watu wake wakaja kuposa: baba yake, Mzee Tolib, mtu mpole mpenda pilau, na shangazi yake, Hamrohon, ambaye ndiye mwenye neno katika nyumba ile. Kwetu, mkono wa upande huu na mkono wa upande ule ikishamega mkate pamoja, maneno yamekwisha. Msichana ana mwenyewe. Mkate wa siku hiyo niliukanda mwenyewe, ila Muhayyo aliomba agonge muhuri, ule wa kutoboa nakshi, pale katikati kabla sijautia tanurini. Nikamwachia.

Shangazi Hamrohon hata hajakaa vizuri akatangaza: "Leo tumekuja kuonana tu. Mkate hatumegi. Kuna binti wa mwenye duka la dawa kule Andijon, tumeahidi kumwona naye."

Muhayyo alikuwa akimimina chai. Haikumwagika hata tone, lakini masikio yalimwiva.

"Dada, si tumeshafika?" akasema Mzee Tolib, akiitazama sufuria. Pilau haiji kabla ya mkate, na yeye alilijua hilo.

"Kufika si kuoa."

Muhayyo akausogeza mkate mbele ya shangazi kwa heshima zote. Shangazi akaukodolea macho. Akatafuta miwani.

"Baba Muhayyo, hiki nini?"

Palikuwa na punje nyeusi, imezama kwenye ganda, mgongo tu ndio uko nje.

"Ufuta ulioungua," nikasema.

"Ufuta mkubwa hivi? Umekula nini?"

"Basi habasoda," akasema Mzee Tolib.

"Huyu bwana haweki habasoda! Si ndiye anayewatukana wenzake sokoni? Kama si ufuta na si habasoda, basi namjua mnyama mmoja anayeacha vitu vya namna hii."

"Nyumbani kwangu hamna panya!"

"Panya hapigi hodi, bwana."

Mke wangu akashika shavu. Neno lile likitoka nje ya lango, posa imekufa, na mwanangu atabaki anatengeneza simu nzima za watu. Nilitaka kujibu vibaya, na mimi kujibu vibaya najua.

"Shangazi, tusibishane," akasema Muhayyo. "Tuiangalie."

Akaleta kompyuta, akakisimamisha kile kidude juu ya mkate. Kiooni ukatokea mlima mweusi.

"Mimi naona mlima," akasema Mzee Tolib.

"Wewe unaona pilau tu, nyamaza."

"Kinyesi cha panya huwa na nywele," Muhayyo akaeleza, "kwa sababu panya hujilamba. Lakini sharti tuione pande zote, nayo imezama. Nikiichokoa itasagika."

"Lete kisu," akasema shangazi, kisha akajiziba mdomo mwenyewe. Kisu, kwenye mkate? Wa posa? "Mungu anisamehe. Ufunguliwe kwa mkono."

Nikanyoosha mkono.

"Wewe tulia! Tangu lini mshtakiwa akajipekua? Nitafungua mimi."

"Basi baba, shika tu upande huo," akasema Muhayyo, macho chini, "usije ukamwangukia shangazi mapajani."

Nikashika. Shangazi akavuta.

Mkate wangu ukimegeka hulia. Ulilia *ka!*

Mzee Tolib akainua viganja, akajipangusa uso. "Amina!"

"Amina ya nini? Mimi nimemega kwa uchunguzi!"

"Dada, mkono wetu, mkono wao, mkate katikati. Wewe uliposwa vipi?"

"Mkate haujui uchunguzi, shangazi," akasema mke wangu, naye alishaanza kurusha peremende za pongezi. "Unajua kumegwa tu."

Shangazi akageukia kioo, tumaini lake la mwisho. Punje ilikuwa wazi sasa: pembe tatu, ngozi imekunjamana kama zabibu kavu, nywele hakuna hata moja. Habasoda, tena safi. Aliitazama sana. Kisha akamtazama Muhayyo, kisha mimi, kisha akacheka mpaka miwani ikamtoka.

"Andijon niwaambie nini mimi?" Akachukua kipande, akatafuna. "Mkate mzuri, baba Muhayyo. Ungezidisha habasoda."

Wageni walipoondoka nilimwita binti yangu. "Habasoda iliingiaje kwenye mkate wangu?"

Akanisogezea kile kidude usoni. "Labda ilidondoka kutoka kwenye masharubu, baba. Tuangalie?"

Sikuangalia. Nilikumbuka ni nani aliyegonga muhuri, nikaenda kumalizia pilau.

Shangazi Hamrohon hakuweza kunyamaza, habari ikafika sokoni kabla yangu. Wale waokaji wawili siku hizi wananisalimia. Wananisalimia kwa mbali, kwa sauti, mbele za wateja: "Karibu kwenye habasoda, mkwe!"