Mawe ya Nyuma ya Jiko

Darasani hakuna aliyemfikia Teodora. Jumamosi nne mfululizo alitoka kwake Kayenze, kilimani juu ya ziwa, kwenda Pasiansi mjini, kwenye mafunzo ya mikopo ya nyumba, akaandika kila neno la mwalimu Jyotsna: dhamana, rehani, thamani ya soko, thamani ya kuuza kwa lazima. Wenzake walisinzia. Yeye hakusinzia wala hakufurahi. Tangu mumewe afariki, miaka miwili sasa, moyo wake ulikuwa umekufa ganzi. Hata msibani watu walinong'ona, mjane gani huyu asiyetoa chozi. Waache wanong'one. Walikula wakashiba, wakaenda kwao.

Alichotaka ni mkopo tu, ajenge vyumba vinne vya kupangisha, kodi imsomeshe binti yake Winnie. Bila vyumba hivyo, Winnie angeacha chuo cha uuguzi muhula ujao.

Jumamosi ya tatu Jyotsna alisimama mbele ya ubao, chaki mkononi.

"Kabla benki haijakukopesha, inajiuliza: mkopo ukikwama, nyumba hii atainunua nani? Kiwanja chenye kaburi hakina mnunuzi. Watakwambia uhamishe kaburi kwanza, au uchukue hati yako urudi nyumbani."

Teodora aliandika na hayo, kwa mwandiko mzuri, akayapigia mstari.

Kaburi la mumewe lilikuwa nyuma ya jiko. Mwenyewe aliomba azikwe pale, penye kuonekana ziwa. Halikujengewa, yalipangwa mawe tu, ukasimamishwa msalaba wa chuma, na kwenye kilima kile mawe hayamshangazi mtu. Jioni ya kuamkia siku ya mthamini wa benki kufika, Teodora aliung'oa msalaba, akausukuma uvunguni mwa kitanda. Hakusikia uchungu wowote. Ilikuwa kama kung'oa kigingi cha mbuzi.

Mthamini aliitwa Elias, kijana mwenye adabu, viatu vimejaa vumbi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Alikagua paa, akagonga kuta, akauliza maji yanatoka wapi. Teodora alijibu kama alivyofundishwa, hata Elias akacheka kidogo.

"Mama, wewe ungefanya kazi yangu."

Njia ya mwongo ni fupi. Ya Teodora ilikuwa hatua kumi na mbili, kutoka mlango wa jikoni hadi nyuma. Elias alimpa ncha ya tepu ya kupimia.

"Nisaidie mama, nipate urefu hadi kule mpakani. Simama pale juu ya mawe, unishikie."

Teodora alishika tepu akaenda. Alikuwa amefanya kila alichoambiwa: fomu amejaza, picha amepiga, sahihi ameweka. Alifika kwenye mawe. Akainua mguu. Mguu ukakaa hewani, kisha ukarudi chini ulipotoka.

"Juu kidogo, mama."

"Siwezi," alisema Teodora. "Amelala mume wangu."

Elias aliacha kuandika. Alitazama mawe, akaliona shimo dogo lililoachwa na msalaba, udongo wake ungali mbichi. Alijua, na Teodora akajua kwamba amejua.

"Mama, nikiliandika hili, mkopo hautatoka. Mpaka ahamishwe."

"Nalijua. Nilifundishwa. Hahami. Andika."

Elias aliandika.

"Alikuwa anaitwa nani?"

"Fomu inauliza jina?"

"Hapana, haiulizi. Nauliza mimi."

"Venant," alisema Teodora, na jina hilo hakuwa amelitamka tangu siku ya maziko. Alilisema tena, Venant. Alikaa chini kando ya mawe, akalia kilio cha miaka miwili, ncha ya tepu ingali mkononi. Winnie angerudi nyumbani, na angeambiwa kwa nini.

Elias hakuivuta tepu. Alisubiri.