Bushi Mpya za Mzee Redio

Mzee Redio alikuwa akisema kwamba gari lake likikata kona, mlango wa kushoto unaamkiana na lami. Alisema kuna siku liliinama hivyo hivyo mpaka akachuma ua la kando ya barabara kupitia dirishani, akampelekea mkewe. Kwenye kibanda cha kinyozi, ng'ambo ya ua wao, wateja walicheka mpaka kinyozi akainua wembe juu kwa usalama wa masikio yao.

Aliyekuwa hacheki ni huyo mke, ambaye ua lenyewe hajaliona mpaka leo.

Alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache na mishono midogo midogo, na kwa miezi minane hakuwa ameketi ndani ya gari la mumewe. Kila Jumamosi ya pili alikwenda kumwona dada yake ng'ambo ya kilima, na alikwenda na gari la mikate. Saa nne kamili lilipiga honi langoni, akapanda mbele kwa dereva, mkoba mapajani, akarudi jioni nguo zikinukia tanuri. Mzee Redio, aliyeendesha malori miaka thelathini na moja, alibaki langoni akipunga mkono kama mtu anayesindikiza mgeni.

"Mke wangu anasafiri na mikate," alimwambia kinyozi siku moja, na kwa mara ya kwanza hakuongeza chumvi.

Chanzo kilikuwa kona ya darajani. Miezi minane nyuma, mchana kweupe, gari lilitoka barabarani pale, likalala mtaroni ubavu mmoja. Mzee alitoka na mchubuko wa pua. Mama, aliyeketi kando yake, alivunjika kifundo cha mkono wa kulia, na cherehani ikakaa wiki tisa imefunikwa shuka kama maiti. Mkono ulipona. Lakini kila mumewe alipomwambia, "Twende basi nikupeleke," alijibu kwa upole uleule: "Usijisumbue, mzee wangu. Mikate inapita."

Kuhusu kona yenyewe, mzee hakuishiwa maelezo. Wiki ya kwanza alisema alikwepa ndama. Wiki ya tatu ndama alikuwa ng'ombe, na kufikia mwezi wa pili alikuwa fahali mwenye pembe moja, amesimama katikati ya barabara kama afisa wa forodha. Mkewe alisikia kila toleo kutoka dirisha la chumba cha kushonea. Hakumkosoa hata mara moja. Alikata uzi kwa meno, akaendelea.

Basi mzee akaamua kwamba dawa ni gari. Na kusema kweli, gari nalo lilikuwa na makosa yake. Matairi yalikuwa vipara, shokamzoba, zile za kumeza mtikisiko, zinatoa jasho la mafuta, na bushi, yaani zile raba zilizobanwa ndani ya vyuma pale mikono ya magurudumu inaposhikana na mwili wa gari, zilikuwa zimepasuka kama visigino vya mtembea peku. Akatafuta springi mpya, fupi kidogo na ngumu kuliko za kwanza, shokamzoba za kuendana nazo, bushi seti nzima, na matairi manne mapana kidogo yenye meno ya kushika lami hata kukiwa na mvua. Fundi wa pancha akamvalishia matairi kwenye rimu. Mengine yote alisema atafanya mwenyewe, uani, kwa mikono yake.

Ilimchukua siku nne. Alilinyanyua gari kwa jeki, akaliweka juu ya stendi nne za chuma, magurudumu yakatolewa, mikono yake ikaning'inia. Springi za zamani alizitoa kwa vibanio viwili, akizungusha nati kidogo huku, kidogo kule, taratibu kama anayemvua mtoto aliyelala. Alimweleza kinyozi kwamba springi haina mzaha: aliwahi kuona moja iliyochomoka ikaruka mpaka mji wa pili, ikatua kwenye duka la samani, na sasa imeajiriwa ndani ya godoro. Bushi kuukuu alizisukuma nje kwa kipande cha bomba na boliti ndefu. Mpya akazipaka maji ya sabuni, zikaingia. Akakaza kila boliti palepale, chini ya gari lililo juu, kwa nguvu zote alizobakiwa nazo za ujana.

Siku ya tatu alipotelewa na kipimo, akaiba futi ya mkewe ya kushonea na kibunda cha uzi mweusi, akavuta uzi ubavuni mwa gari ili apime kama matairi ya mbele yanatazama mbele na si kutazamana kama wagomvi. Mama aliitafuta futi yake nyumba nzima. Aliikuta kwenye boneti, ina grisi. Aliipangusa ili airudishe kwenye kikapu chake. Lakini alisimama pale kidogo, akiangalia miguu ya mumewe iliyotokeza chini ya gari, soksi moja ya kahawia na nyingine ya buluu.

Jumamosi asubuhi, saa tatu kasoro, mzee alilishusha.

Gari halikushuka. Yaani jeki ilishuka, matairi yakagusa ardhi, lakini mwili wa gari ulibaki juu, umejivuta mabega, kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Alilibonyeza boneti kwa viganja. Likalia *ng'ee* na kurudi juu. Akaliwasha, akazunguka nalo hatua chache mbele ya lango, likawa linadunda na kulalamika kwenye kila kijiwe.

"Mzee Redio!" kinyozi aliita, sega mkononi. "Hilo ni gari au kuku anatafuta pa kutagia?"

"Bado geni na viatu vyake hivyo! Litazoea!"

"Litazoea au litatuzoesha sisi?"

Mzee alizima injini. Alikaa kwenye kigoda, akajipangusa mikono kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. Saa tatu na robo. Baada ya dakika arobaini na tano mikate ingepiga honi. Alikuwa amejipa ahadi moyoni kwamba leo mkewe hatakwenda na mikate, na sasa alikuwa na gari linalopiga kelele kuliko yeye.

"Ulikaza likiwa juu?"

Sauti ilitoka dirishani. Mama alikuwa na pini tatu mdomoni, akazitoa moja moja.

"Nilikaza nini, mama watoto?"

"Hizo raba zako. Ulizikaza gari likiwa limening'inia?"

"Sasa ningezikaza likiwa wapi? Ningeingiaje chini?"

"Mimi sijui gari," alisema. "Lakini mteja akija kupimwa amebana tumbo, nikashona vile alivyobana, nguo itamkaba siku zote. Namwambia apumue, asimame anavyosimama kwake. Ndipo napima."

Mzee aliinama, akaichungulia raba ya gurudumu la mbele. Miaka thelathini na moja ya malori, na neno lenyewe lilikuwa limepita kwake bila kubisha hodi. Raba ile ikishabanwa inashika pale pale ilipobanwa. Aliibana huku mikono ya magurudumu ikining'inia, kwa hiyo uzito ulipokuja ilijipinda, ikawa inavutana na gari zima kurudi hewani.

"Mama wee," alisema polepole. "Kumbe nimelishonea gari nguo likiwa limebana tumbo."

Hapo akasahau uchovu. Alipanga mbao nene tatu tatu chini ya kila tairi, akakanyagisha gari juu yake kwa jeki, kona kwa kona, likasimama kwa uzito wake wote lakini likiacha nafasi ya mzee mwembamba kupita. Akaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, akavuta breki ya mkono. Akazilegeza boliti zote, na gari likashusha pumzi, sentimita tatu nzima, kwa mguno mmoja mrefu. Hata kinyozi alitoka nje kuangalia.

"Nipime na uzito wa watu ndani," mzee alijisemea kwa sauti ya kusikika dirishani. "Kwangu nitaweka gunia la mchanga. Na kwenye kile kiti kingine nitaweka gunia lingine."

Cherehani ilinyamaza.

"Gunia la mchanga?"

"Uzito si uzito tu?"

"La kilo ngapi?"

Mzee Redio hakuwa mwoga, aliwahi kusimulia mwenyewe alivyomfukuza chui kwa ufagio, lakini swali hili lilimtoa jasho. "Sitini," alisema, akapunguza kidogo kwa adabu.

Mlango wa nyumba ulifunguka. Mama alitoka na futi shingoni, akalizunguka gari mara moja, akashika paa kama anayeshika ukuta wa bafu asiteleze. Mzee aliona mkono wa kulia, ule uliovunjika, ukisita kwenye kitasa. Alijua akisema neno moja yatatoka mia.

Akafungua, akaketi.

"Haya," alisema, akitazama mbele. "Ingia huko chini ufanye kazi. Na hili gunia la mchanga lina mkono karibu na breki, kwa hiyo ujiheshimu."

Mzee alitwaa gunia lake, akaliweka kwenye kiti cha dereva, akalala chali na kujivuta chini. Kulikuwa na kiza na harufu ya raba mpya. Juu yake, kwa unene wa bati tu, alisikia viatu vya mkewe vikisogea.

Alikaza boliti ya kwanza. Ya pili. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye spana.

"Mzee wangu."

"Naam."

"Siku ile darajani. Kulikuwa na mnyama gani?"

Spana ilisimama. Mzee alilitazama lile bati, na maneno yakamjia yote kwa pamoja, ndama na ng'ombe na fahali, wamepanga foleni. Hakukuwa na nafasi ya kupungia mikono chini mle. Hakukuwa na uso wa kuangalia uone kama umecheka.

"Kwa kinyozi usemavyo, sijali," mama aliendelea. "Watu wanataka kucheka. Lakini hospitali, mkono uko kwenye plasta, ulikaa kando ya kitanda ukanisimulia mimi. Mimi niliyekuwa ndani ya gari."

Mahali fulani kinyozi alikuwa amewasha mashine yake, akaizima.

"Hakukuwa na mnyama," alisema mzee.

"Ehe."

"Nilikuwa nakusimulia ile ya tikiti maji lililokuwa kubwa kama tangi. Nikataka kukuonyesha ukubwa wake."

"Ukaachia usukani."

"Nikaachia."

"Mkono mmoja?"

"Yote miwili, mama. Tikiti lilikuwa kubwa." Aliigeuza spana mkononi. "Nilipouona mkono wako vile, niliona nikikwambia ni mimi, utaniangalia kwa namna nisiyoweza kuizoea. Nikamleta ng'ombe. Halafu ng'ombe akakataa kuondoka."

Mzee alihesabu pumzi zake mwenyewe, akafika kumi na moja.

"Tikiti kubwa kama tangi," mama alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa na kitu ndani kilichokuwa kikijizuia. "Wewe mzee. Mimi nilikuwa naisubiri hiyo 'ni mimi' miezi minane. Miezi minane nakula mikate ya bure nisiyoipenda." Kisha, taratibu: "Zimebaki ngapi?"

"Mbili."

"Kaza."

Alikaza. Macho yalikuwa na maji, akaisingizia kutu.

Honi ikalia langoni alipokuwa kwenye ya mwisho. Alisikia dereva wa mikate akiita, "Mama, tuko tayari?" na alisikia kioo cha dirisha kikishushwa juu ya kichwa chake.

"Nenda tu, mwanangu," mama alisema. "Leo nimepata gari."

Mzee alibaki amelala pale kwa muda ambao kazi haikuuhitaji. Alipotoka, alimkuta mkewe amefunga mkanda, kitambaa cha kichwa amekifunga upya kwa kujitazama kwenye kioo. Gari likateremshwa kwenye mbao. Lilikaa chini vizuri, limetulia, kama mtu aliyefika kwake na kuvua viatu. Kinyozi alipiga makofi matatu, akarudi kwa mteja wake.

Waliondoka polepole. Mzee alikuwa na mambo ya kusema: jinsi usukani unavyojibu mara moja, jinsi matairi yanavyoishika lami kama mtoto anavyoshika kanga ya mamaye, jinsi mashimo yanavyopita chini bila kugonga kiuno. Alipofika darajani alipunguza mwendo, akaingia kwenye kona, na gari likaipita limesimama wima, bila kuinama, bila mlio. Aligeuka nusu amwambie.

Mkewe alikuwa amelala. Kichwa kimeegemea kioo, mdomo wazi kidogo, ule mkono wa kulia umelegea juu ya mkoba.

Mzee Redio alirudisha macho barabarani. Alipanda kilima chote na kukishuka hajasema neno, jambo ambalo hakuna mtu mtaani atakayeliamini. Alipofika kwa shemeji yake, alisimama nje ya lango na hakuzima injini, asije akamwamsha kwa kimya. Shemeji alitoka mbio, mikono juu, tayari kupiga kigelegele.

Mzee alimwonyesha kidole mdomoni, akampungia arudi ndani.