Chaki ya Saa Nne na Robo

Jumatano ile mdogo wangu alifika kazini kabla yangu. Nilimkuta anatoa shuka za hoteli mashineni, daftari amelichomeka kiunoni.

Alikuwa mwaka wa tatu chuoni. Kazi ya kufua nilimtafutia mimi: siku tatu kwa wiki, kuanzia alfajiri hadi saa sita, kisha anakimbilia masomo. Alizoea kusema miguu yake iko kazini, kichwa kiko chuoni, na tumbo halijui liende wapi. Wenzetu walimwita Profesa.

"Profesa, macho mekundu hivyo, umeyapikichia pilipili?" alimuuliza Mama Pasi, mkubwa wetu kwenye meza ya pasi, mtu asiye na simile.

"Nina mtihani saa nane, mama. Nimekesha na kitabu."

"Kitabu hicho kinavaa sketi?"

Tulicheka. Yeye alicheka kutushinda sote.

Pale kazini tulikuwa na utaratibu wetu. Simu haziingii ndani kwa sababu ya mvuke. Kwa hiyo anayetaka kujinyoosha wakati wa chai hulala kwenye toroli la shuka safi, akajifunika hadi usoni, na ubavuni mwa toroli akaandika kwa chaki saa ya kuamshwa. Kabla ya saa hiyo hakuna wa kumgusa. Mdogo wangu aliandika 4:15.

"Dada, usinisahau. Nina sura mbili sijazipitia."

"Lala, we mtoto."

Saa nne na robo nilikwenda. Alikuwa ametulia tuli, nikamwonea huruma. Nikaifuta ile chaki kwa kiganja, nikaandika 5:00. Mama Pasi aliniona.

"Mwache," alisema. "Atakwenda kusinzia juu ya karatasi ya mtihani."

Tukaanza kunong'ona kama watu wenye mtoto mchanga ndani. Mataulo aliyopaswa kukunja yeye niliyakunja mimi. Nilijiona dada kwelikweli.

Saa tano nikamwita. Nikamwita tena. Nikadhani ananitania. Nilipoifunua shuka, midomo yake haikuwa na rangi ninayoijua. Sikupiga kelele. Nilimgeukia Mama Pasi nikasema, "Hataki kuamka," kama ninayemshtakia mtoto mkaidi. Mpaka leo sijui maneno yale yalitoka wapi.

Daktari alisema ni moyo. Ulikuwa na kasoro tangu azaliwe na hatukujua. Nilimuuliza, je, kama ningemwamsha nne na robo? Alivua miwani, akasema hawezi kujua kama saa hiyo alikuwa bado hai.

Msibani mama yetu aliniuliza, "Mlimwamsha saa ngapi?"

"Nne na robo," nikajibu. Mama Pasi alikuwa ameketi kando yangu. Aliinamisha kichwa.

Nilikaa na jibu hilo wiki sita. Mama akiingia chumbani, mimi natoka. Jumapili iliyopita tulikuwa tunaanua nguo, wawili tu, nikamweleza yote: chaki, kiganja changu, saa tano. 

Hakulia. Alianua shati moja. Kisha akauliza, "Shuka zilikuwa na joto?"

"Ndiyo, mama. Zilikuwa zimetoka kupigwa pasi."

Akalikunja lile shati, akaendelea kuanua. Tangu siku hiyo hatujaligusa tena jambo hilo.

Kazi zake za siku zile tatu nimeongezewa mimi. Chaki hakuna tena pale kazini. Kila ikifika saa nne na robo Mama Pasi huniita jina langu kwa sauti, hata nikiwa nimesimama mbele yake, na haishiki pasi mpaka niitike.