Mgongo wa Esteri

Saa kumi na mbili asubuhi Esteri alimnyonyesha Anania, akafunika uji, kisha akavua mgongo wake na kuulaza kwenye mkeka. Anania, ambaye hakuwa amefikisha mwaka na hakutulia popote ila mgongoni, alipanda mwenyewe. Zuhra, jirani anayekaanga maandazi kibarazani, akaingia kuwafunga kitenge, kama kila siku.

"Umekaza?" Esteri aliuliza.

"Nenda bwana, utachelewa. Mgongo wako naujua kuliko mume wako."

"Mume gani?"

"Ndiyo maana."

Kwenye ghala la maharage, Kasulu mjini, watoto walikuwa marufuku. Tharsisi, msimamizi, alisema wanakojolea magunia. Wanawake walikaa chini wakichambua, mawe huku, mabovu kule. Esteri hakuwa na cha kuegemeza ukutani, kwa hiyo aliwashinda wote kwa kasi. Upepo ulimpitia tu, akavaa sweta.

Kabla ya mchana akasikia joto pale mgongo ulipopaswa kuwa. Alidhani jua, lakini alikuwa kivulini. Joto likapanda, halafu kukaja kutetemeka kwa mtu mdogo.

"Bosi, mwanangu ana homa kali."

"Kakupigia nani?"

"Hakuna. Nasikia mgongoni."

Tharsisi akazunguka nyuma yake, akachungulia. "Mgongo wenyewe uko wapi?"

"Nyumbani, unalea."

"Sasa si unalea? Wewe chambua. Lori likijaa, geti linafunguliwa."

Esteri akachambua. Mikono ikaanza kuchanganya mawe na maharage. Mama aliyekaa jirani yake akavuta upande wake nusu ya lundo la Esteri. Joto likazidi, likazidi, kisha likakatika ghafla. Hakujua kama ni homa iliyoondoka au ni mtoto. Mgongo hauna mdomo.

Lori likajaa. Alikimbia hadi nyumbani.

Anania alikuwa amelala, amepoa, ametota jasho. Zuhra alikuwa ameacha maandazi yakaungua na kuwabeba wote wawili hadi zahanati.

"Alivyochomwa sindano," alisema, "aliyeruka ni mgongo wako. Nesi akauambia, 'Tulia, mama.'"

Esteri alicheka kidogo, akauvaa mgongo, akampakata mwanawe anyonye. Anania alifumbua macho, akamtazama usoni, akapiga yowe kama mtoto aliyeshikwa na mgeni. Akajinasua, akatambaa, akamzunguka hadi nyuma. Huko akalaza shavu, akanyamaza.

"Atakuzoea," Zuhra alisema, akigeukia kupasha uji.

Esteri alikaa hivyo hivyo hadi uji ukapoa, ameukodolea macho ukuta, maziwa yakimlowesha blauzi.

Asubuhi iliyofuata Tharsisi alisimama getini akikagua. Alikuwa ameona kwamba asiye na mgongo hapumziki. Waliokuja nayo aliwarudisha wakaiache nyumbani.

Esteri hakusimamishwa getini; upepo ulimpitia tu.