Mikimbio Thelathini na Minne

“Usinifundishe kulea, mwalimu. Nina mtoto mmoja, sina wa akiba.”

“Sijasema unalea vibaya, Mama Nemayian. Nimesema kipaji chake kinaozea kijijini kwenu Kang'ata.”

“Kwani Kang'ata ni dampo?”

Mwalimu Rhoda hakucheka. Alikuwa ametoka Dar es Salaam kutafuta wasichana wa kituo chao cha kriketi, wasome na kucheza hukohuko, na tangu asubuhi alikuwa akinifuata pembeni mwa uwanja huu wa Korogwe. Nilishakataa mara tatu. Baba wa mtoto alihamia Kilindi na ng'ombe wake na mke mdogo. Nyumbani tumebaki wawili. Jioni nikirudi kutoka kuchanja mifugo, Nemayian ndiye mtu pekee ninayemsemesha.

“Basi taja kitu kimoja kitakachokufanya ukubali.”

Nilitazama uwanjani. Handeni tulihitaji mikimbio thelathini na minne, mipira ya kurushiwa ilibaki ishirini na minne, na tulishatolewa wachezaji tisa. Akitoka mmoja tu, mchezo umekwisha. Wasichana wa Handeni hawakuwahi kuwashinda wa Korogwe hata mara moja. Mimi ni ofisa mifugo. Ng'ombe akifikia hali ile, namwambia mwenyewe amchinje mapema.

“Wakishinda leo, mchukue,” nikasema.

Nemayian alikuwa anapiga. Mwenzake alikuwa Mwanaisha, ambaye ubao wa kupigia aliushika kama mwiko wa ugali.

Mpira wa kwanza ukavuka mstari wa chokaa. Mikimbio minne. Ukafuata mwingine. Hata mpira ulipoishia karibu, Nemayian alimwita Mwanaisha wakimbie, na wakafika. Watu wa Handeni wakasimama wote. Mbwana, dereva wa kosta yetu, akanigusa bega.

“Mama, binti huyu unamlisha nini?”

“Makande.”

Sikusimama. Upande wote wa Handeni, mimi peke yangu nilikuwa naomba tushindwe.

Ukabaki mpira mmoja, mikimbio mitatu. Mrushaji wa Korogwe akaanza kukimbia. Nikajisikia nikisema, kwa sauti, “Toka.” Namwambia mwanangu. Mbwana alinitazama, kisha akasogea kando kidogo.

Nemayian akaupiga juu ya vichwa vyao, ukadunda kabla ya mstari na kuuvuka. Mikimbio minne; tumeshinda.

Wenzake walimbeba. Alikuwa anacheka kicheko ambacho sijakisikia nyumbani kwangu. Hakunitafuta kwa macho.

Mwalimu Rhoda akaja, safari hii polepole. “Mama, yale yalikuwa maneno ya ubishi tu. Sitakushikilia.”

“Gari lako linaondoka saa ngapi?”

“Sasa hivi. Lakini anaweza kuja muhula ujao.”

“Muhula ujao nitakuwa nimebadili mawazo.”

Nilimwambia Mbwana ashushe begi la Nemayian kutoka kwenye kosta, halafu nikamwita mwenyewe. Akaja akihema, vumbi hadi kwenye nyusi.

“Unataka kwenda kituoni na mwalimu?”

“Wewe utabaki na nani?”

“Nimekuuliza unataka au hutaki.”

Alitazama viatu vyake. “Nataka, mama.”

“Karatasi za uhamisho nitazituma wiki hii.”

Nikaliweka begi kwenye buti la gari la mwalimu, nikafunga.