Sifuri kwa Mkunga

...na hapo ndipo pa kuandika, kisanduku kidogo kuliko ukucha, maumivu kuanzia sifuri mpaka kumi, na kalamu ya muuguzi imesimama juu yake haishuki, kwa sababu bibi kajibu kama anavyojibu kila asubuhi, "Siumwi, mwanangu," meno yameumana, vidole vya miguu vimejikunja, jasho juu ya mdomo ingawa dirisha li wazi... siumwi, haya, kasema mwenyewe, mtu mzima na akili zake, nani amlazimishe, sifuri, jana sifuri, juzi sifuri, siku kumi na tisa tangu ateleze bafuni, na daktari husoma fomu, hasomi vidole vya miguu, "Dada, andika basi tumgeuze, chai inapoa," anasema msaidizi aliyeshika shuka, chai, ndiyo, ngoja... nyumba nzima ya wazee wanamwita Mkunga, wanamsifu, huyu hana usumbufu, laiti wote wangekuwa hivi, wao wanamjulia wapi, hawakulala kwenye kitanda chake cha kuzalia wakiwa na miaka kumi na minane, hawakupigwa kofi la paja, "Funga mdomo, wewe si wa kwanza kuzaa," basi muuguzi huyu, msichana wakati huo, akaufunga, akauma kona ya mto, akakunja vidole hivi hivi mpaka mtoto akatoka, na Mkunga akaandika kwenye daftari lake, amejifungua bila shida... bila shida! miaka thelathini na mbili hajalisahau neno hilo, kumbe Mkunga naye ndivyo anavyoumia, kimya kimya, fundi wa kunyamazisha wenzake, na aumie, nyonga imevunjika ile, si bure, kila akigeuzwa anashika chuma cha kitanda, nani asiyeona... nani? msaidizi haoni, daktari haoni, wa kuona alikuwa mmoja tu humu ndani, yeye mwenye kalamu, na aliona kila asubuhi, akiuliza swali huku jibu analijua, akilingoja, Mungu wangu, akilifurahia, "Dada?" ngoja, nimesema ngoja, maana akiandika tisa leo watamuuliza jana kulikuwa na nini, na jana ilikuwa tisa, na juzi tisa, na tisa ndiyo itakayoandikwa, hana pa kukimbilia, ila kalamu bado haijashuka, na bibi anamtazama, hamkumbuki hata kidogo, anamwambia taratibu, "Pole na kazi, mwanangu."