Wifi na Mgonjwa Wake

Kaka ndiye aliyetulazimisha mimi na mkewe tudurusu pamoja, kwa kuwa sote wawili tulikuwa na mtihani uleule wa udaktari. Wifi hanipendi, nami simpendi.

Tulipofika kwenye mada ya mgonjwa aliyepoteza fahamu, akaniambia nilale sakafuni niwe mgonjwa. Aliniita mara moja tu, kisha akanibana ukucha kwa kalamu, eti anapima kama nahisi maumivu. Alikandamiza kwa nguvu zake zote. Nikaapa kimoyomoyo kwamba hata ukope sitaupepesa.

“Havuti mkono wala haguni,” akasema. “Ubongo haufanyi kazi, na sidhani kama uliwahi kufanya.”

Nikafumbua macho. “Wifi, mgonjwa wako ameshakufa. Hukuangalia njia ya hewa, hukusikiliza pumzi. Umekimbilia kumuumiza.”

“Nilijua unajifanya.”

“Kawaambie hivyo watahini.”

Alikusanya vitabu vyote, na changu pia, kwa kuwa kilinunuliwa na mumewe, akajifungia chumbani.

Kaka aliporudi kutoka kazini akauliza, “Mmemaliza?”

“Tumemaliza,” wifi akajibu kutoka ndani.

Mimi nilikuwa jikoni, naloweka kidole kwenye maji baridi.